Naserian Amejua Kusalimia

Kitengela, huku nyuma ya kware
Jumapili, baada ya kanisa (ambayo sikuenda. Silantoi, hapo usisome.)

Takwenya, Yeyo, mama yangu.

Najua mimi ni mwanamume aliyetahiriwa, na mtu kama mimi anasalimia kwa mkono, haendi kuinamisha kichwa kama watoto wa kuchunga ndama. Lakini hapa kwa karatasi hakuna mzee wa kunicheka. Kwa hivyo nimeinamisha. Weka kiganja chako juu ya barua hii, vile ulikuwa ukiniwekea utosini nikirudi jioni, halafu tuendelee.

Asante.

Habari ya mgongo? Sitaki ile ya "tunamshukuru Mungu". Nataka ya mgongo wenyewe. Bado unaamka ukishikilia mlango? Na Koko, mama mkwe wako, bado anasema kikohozi chake ni cha vumbi la Tanzania? Nyanya za Illasit zimeiva, ama baridi ya mlima imezichoma? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa ama bado anatudanganya na hilo tumbo?

Mimi niko fiti sana. Kware yote, haya machimbo ya mawe, wananiita Injinia. Nikishika tindo na nyundo, jiwe linajinyoosha lenyewe kwa heshima. Juzi nyapara, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mama yake, alisimama juu ya mawe yangu akasema, "Si mabaya." Wanaomjua wanasema hiyo kwake ni kama kukuchinjia mbuzi. Tena nimenenepa. Silantoi, binti ya mjomba, wewe unayesoma barua hii kwa sauti, acha kuguna. Soma tu. Na usiruke mistari kama unavyomrukia Koko Biblia ukisikia usingizi.

Utauliza kwa nini naandika na simu iko. Yeyo, simu ya hapo nyumbani ni moja na mnaiweka sauti mpaka mbuzi wanasikia. Halafu kwa simu mimi na wewe ni waongo. Wewe unasema uko sawa, mimi nasema niko sawa, tunasema Naserian yuko sawa, salio linaisha, tunalala. Maneno ya leo hayaingii kwa simu. Kwa hivyo nampa Mjomba Parsaloi barua hii akirudisha lori, baada ya kuteremsha nyanya zake hapa sokoni. Barua inakuja mbele. Naserian atakuja nyuma, kwa safari ya wiki ijayo, na mke wa mjomba atampakata njia yote. Ndiyo, umesikia vizuri. Namrudisha dada yangu nyumbani. Usilie kwanza. Nipe nafasi nieleze.

Unakumbuka vile nilimchukua. Daktari wa Loitokitok alikwambia usinyanyue tena kitu kizito, na kitu kizito ulicho nacho duniani ni huyo mtoto wako. Umembeba tangu kuzaliwa, hatembei, hasemi, na sasa ni msichana mkubwa, ukimweka mgongoni miguu inaburuta. Mimi nikasimama katikati ya boma, nimevaa viatu vya kuazima, nikasema, "Nipeni mimi. Kitengela kuna kila kitu." Koko akaniangalia hivi. "Na akijikojolea usiku, nani atambadilisha, huko Kitengela?" Nikamwambia, "Koko, mji uko na mashine." Watu wote wakacheka, hata wewe ulicheka ukishika kiuno.

Hakuna mashine, Koko. Nimetafuta.

Mashine ilikuwa mimi. Nimejua kupika uji mwembamba usiokwama. Nimejua kumlisha kijiko, kupangusa kidevu, kungoja ameze, kijiko kingine, mpaka chai yangu inapoa inashika ngozi. Nimejua kumgeuza usiku asichubuke. Na yale mambo mengine ya msichana, Mama Brayo alinisaidia, Mungu ambariki, maana hapo nilitaka kukimbia nirudi Illasit kwa miguu. Mama Brayo ni jirani yangu, mama wa kutoka Bungoma, mume wake anaamka na kiza kwenda kazi Nairobi na yeye anapika chapati hapo mlangoni na kuuza. Mchana nikiwa kware alikuwa anamwangalia Naserian. Mimi jioni namchotea maji, namkatia kuni. Alikuwa anamwita Mrembo. "Mrembo amekula, Mrembo amelala, Mrembo amekataa chapati yangu, ana maringo huyo!"

Kiti nimemtengenezea mwenyewe. Nilikata pipa la plastiki, lile la bluu, nikaweka godoro kuukuu ndani, nikamfunga kifuani na shuka. Wazungu wananunua kiti kama hicho kwa pesa nyingi na changu ni kizuri zaidi. Hicho kinakuja naye. Koko asiweke maziwa ndani.

Sasa kuna kitu sijawahi kukuambia, maana nilitaka uone kwa macho yako.

Marafiki zangu wa kware walikuwa wanamwogopa Naserian. Hasa Mutiso. Huyu Mutiso ni Mkamba mwenye mdomo kama redio ya kinyozi, hazimwi. Lakini akifika kwangu anasimama mlangoni, anakunywa chai akiwa nje kama mgambo. Siku moja akaniuliza, "Huyu dada yako ananiona kweli?"

"Anakuona. Ndiyo maana analia."

Tulicheka lakini usiku iliniuma. Nikajiambia, mtoto wa kwetu hawezi kukaa nyumbani wageni wakiingia asiinamishe kichwa. Hata kama hatembei. Hata kama hasemi. Kichwa anacho. Basi kila jioni nikitoka kazi nasimama mbele yake, naita "Naserian!", namshusha kidevu polepole, namgusa utosini, nasema "Takwenya, Naserian," halafu nampa kipande cha ndizi mbivu. Kila jioni. Mama Brayo akasema ninafundisha mawe huko, sasa nimekuja kufundisha mawe nyumbani. Nikamwambia, mawe yananisikia mimi, ngoja.

Jioni moja nikaingia na mawazo yangu, nyapara alikuwa amenikasirisha, sikuita jina, ndizi nilikuwa nimesahau. Nikasikia ule mlio wake wa kooni. Kugeuka, Yeyo, kichwa kiko chini. Kichwa kiko chini, kinatetemeka, kinangoja. Hakuna mtu amemshika.

Nilitoka nje bila shati. Mama Brayo alidhani nyumba inaungua, alikuja na karai la maji. Tulimfanya arudie mpaka akachoka. Akiguswa anacheka, kile kicheko chake unachokijua, cha ndama wakifunguliwa kwenda kwa mama zao. Kesho yake nikamleta Mutiso. Nilimfundisha njiani, yeye alikuwa mgumu kuliko Naserian. Akaweka mkono wake ule mkubwa kwa utosi wa mtoto kama mtu anayegusa yai. Akasema, "Kumbe alikuwa ananingoja tu." Tangu hiyo siku kware yote ilikuwa inapitia kwangu jioni kusalimiwa. Nywele za Naserian zikajaa vumbi la mawe, Mama Brayo akawa anawafukuza na mwiko, "Nawa kwanza! Mrembo wangu si ukuta!"

Sasa nije kwa ile pesa.

Wewe unajua serikali iko na pesa ya watu wasiojiweza kabisa, inapitia kwa yule anayemlea. Hapa kwa chifu waliniambia, kijana, kwanza apelekwe Kajiado, madaktari wakae waseme ulemavu wake ni wa kiasi gani. Wakisema huyu ni wa kuangaliwa na mtu saa zote, jina linaenda mbele. Nikafanya mpango wangu kichwani. Hiyo pesa ingekuwa ya Mama Brayo, nimlipe kama mtu wa kazi, maana dada yake alikuwa amemtafutia kazi ya nyumba kule Nkoroi na yeye alikuwa anaikataa kwa sababu yetu. Aliniambia, "Saruni, mimi nitakungojea. Lakini tumbo halijui kungoja."

Siku ya kwenda Kajiado nilimwosha Naserian mpaka akang'aa. Nikampaka mafuta, nikamvisha gauni la manjano na ule ushanga wa Koko. Mimi nikavaa shati la Mutiso la harusi. Tulivyoingia hospitali, watu walidhani tumekuja kupigwa picha.

Ndani walikuwa watatu. Daktari, mama mwenye miwani, si wa kwetu, mpole. Kijana wa kuandika. Na nesi mmoja mama wa Kimaasai. Nikamweka Naserian kwa kiti. Hata sijanyoosha mgongo, hakuna aliyesema neno, nikaona kichwa kinashuka. Anamsalimia daktari, Yeyo! Bila ndizi!

Nikasema, "Mguse, daktari. Anakusalimia."

Daktari akamgusa. Nesi akatoka huko kwake akaja akamgusa, akasema "Takwenya, nakerai ai," mtoto wangu. Yule kijana akaweka kalamu chini, na yeye pia akaja. Naserian akacheka mpaka akapaliwa. Kifua changu kilifura, vifungo vya Mutiso vikaanza kulia.

Daktari akaanza kuniuliza. "Akiambiwa kitu anaelewa?"

"Huyu? Anaelewa kuliko mimi. Mimi nilikwama darasa la saba, yeye angemaliza."

Wakacheka wote. Nikaona nimeiva.

"Anakula aje?"

"Anakula vizuri sana, hachagui."

"Usiku?"

"Analala kama malkia."

"Mchana nani yuko naye?"

"Hakuna shida, jirani yupo."

"Na mama yenu?"

"Yuko sawa. Tunamshukuru Mungu."

Yeyo, wewe ndiwe utanielewa. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa bado niko kwa salamu. Kwetu mtu mzima akikuuliza habari ya boma, unasema salama. Ng'ombe? Salama. Watoto? Salama. Hata kama kuna mtoto amelala ndani anatapika, kwanza ni salama, salama, mpaka salamu ziishe. Halafu mnanyamaza kidogo. Halafu yule mtu anakuuliza tena, polepole, "Haya, na habari?" Hapo ndipo unafungua mdomo unaeleza, na mtoto anatapika, na mvua imekataa, na chui amekula mbuzi. Mimi nilikuwa nangoja hapo. Nilikuwa nimepanga yote, uji na kijiko, kumgeuza usiku, mgongo wako, jirani anayeenda Nkoroi. Nikanyamaza kidogo vile inatakiwa, nangoja aniulize tena.

Daktari akafunga faili. Akasema, "Umefanya kazi nzuri sana, kijana. Hongera." Halafu akaita, "Anayefuata!"

Nikambeba dada yangu nikatoka. Na nitakuambia ukweli, nilitoka nikitembea kwa maringo. Nilimnunulia soda. Nilimwambia Mama Brayo tumepita.

Majibu yalipokuja niliitwa kwa ofisi hapa Kitengela, kijana mmoja akanisomea. Naserian ni mlemavu, hiyo wamekubali, atapata kitambulisho cha ulemavu. Lakini si wa ile pesa. Anawasiliana. Anaelewa. Familia inajimudu. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, maneno yakawa ni yale yale. Nikapiga kelele kidogo, wewe unanijua. Yule kijana hakuwa mbaya, alinivuta pembeni. "Bosi, unaweza kuomba aangaliwe upya. Lakini nikushauri kama ndugu yangu. Siku hiyo, asisalimie mtu."

Mama Brayo alienda Nkoroi. Alilia akifunga virago, akamwachia Mrembo chapati zimefungwa kwa gazeti. Mimi nilimwambia, "Nenda mama, sisi tuko sawa." Unaona? Huo mdomo wangu.

Kware hawataki Naserian. Nilimpeleka mara moja na pipa lake, nyapara akasema vipande vya mawe vinaruka, akiumia ni nani atajibu. Ni kweli. Kwa hivyo nikawa namfungia ndani, Yeyo. Nimeandika, sasa umejua. Namlisha asubuhi, namfunga kwa kiti, naweka redio, naweka kufuli. Saa ya chakula nakimbia, namlisha, nambadilisha, nafunga, narudi nikikimbia. Wenzangu wanakula mimi niko barabarani.

Na jioni nilianza lile somo lingine.

Nikiingia anainamisha kichwa. Mimi napita. Najifanya sijaona. Nawasha jiko, nakoroga sima, yeye bado kichwa kiko chini, ananingoja. Mate yanashuka yanalowesha gauni. Nikajiambia hii ni kwa faida yake, ni kama sindano. Siku ya pili vile vile. Siku nyingine Mutiso akaja, akanyoosha mkono, nikampiga huo mkono.

"Usimguse!"

"Kwani ako na stima?"

Nikamweleza. Kwamba tunamsahaulisha, ili siku ya kuangaliwa upya aonekane hajui kitu. Mutiso, huyo redio, aliweka kikombe chini. Aliacha chai yake ikiwa imejaa akaenda.

Halafu kukawa na siku lori la mawe lilikwama, nyapara akatuweka tukilipakia upya, saa ya chakula ikapita. Nilifika nyumbani jua limeshapiga mabati siku nzima. Kufungua mlango, joto likanipiga usoni kama la tanuri. Redio ilikuwa imeisha betri. Alikuwa ameteleza pamoja na pipa, ameangukia ukutani, uso kwa mabati, amelowa, amelia mpaka sauti imekauka, midomo imepasuka. Nikamnyanyua, nikamwosha, nikampa maji kwa kijiko. Nikamweka mbele yangu nikamwita, "Naserian!"

Akaniangalia. Kichwa hakikushuka. Aliniangalia tu, vile mtu anaangalia mgeni aliyekosea mlango.

Nikajua somo limeingia. Si nilikuambia mawe yananisikia.

Yeyo, sitaandika mengi hapo. Nilipiga magoti, mimi mwanamume aliyetahiriwa, nikainamisha kichwa changu mpaka kwa magoti yake. Nilikaa hapo. Ule mkono wake wa kulia, uliokunjika, ukanipiga kwa sikio. Mkono huo unaruka wenyewe, wewe unajua, haina maana lazima alitaka. Lakini mimi nimehesabu kwamba nimeguswa, na mtu asinibishie. Silantoi, kama unacheka nitajua.

Mwanzo wa barua nilisema niko fiti na nimenenepa. Hizo zilikuwa salamu. Habari ndiyo hii. Mshipi nimeutoboa tundu lingine kwa msumari.

Nilirudi Kajiado peke yangu, nikamtafuta yule nesi wa kwetu. Nilimkuta akitoka kazini, nikamweleza yote, mpaka lile somo la pili. Alifunika mdomo. Halafu akaniambia, "Kijana wangu, wewe uliishia kwa salamu. Hapa hakuna atakayekuuliza mara ya pili. Watu ni wengi mlangoni. Mkirudi, anzeni na habari." Nikamwuliza kuhusu kusalimia, kama kweli kumeharibu. Akasema, "Kusalimia hakumwoshi, hakumlishi. Mwacheni asalimie. Nyinyi ndio mlinyamaza." Ameniambia ombi la kuangaliwa upya linaweza kufanyiwa hata huko Loitokitok, siku madaktari wakija. Hajaahidi kitu. Na mimi sikuahidi kitu, nimeacha kuahidi.

Kwa hivyo, Yeyo, hiyo siku ni wewe utaenda naye, na najua wewe ni mbaya kuliko mimi. Wakikuuliza "Mama, habari yako," utasema njema. Tafadhali. Ruka salamu. Nitakuombea msamaha kwa wazee wote. Anza na mgongo. Sema ni nani anambeba na ni nani amekatazwa kubeba. Sema uji unachukua muda gani na ni kiasi gani kinarudi kwa shingo. Sema usiku. Sema kuna siku alifungiwa ndani kwa sababu hakukuwa na mtu, sema ni mwanao alimfungia. Usinifiche. Na Naserian akitaka kuwasalimia, mtu asimzuie. Wamguse wote, hata askari wa mlango.

Najua hujaniuliza kwa nini nisirudi naye mimi mwenyewe. Nikitoka hapa nafasi yangu inachukuliwa kesho yake, kuna vijana wamekaa kwa geti ya kware wananitakia homa. Na huo mgongo wako utahitaji binti wa kukusaidia kazi, na huyo binti atataka mshahara, ndio maana nabaki na mawe. Hata sasa silali vizuri. Nyumba imeanza kunyamaza na yeye bado yuko hapa amelala.

Nisalimie Koko, mwambie alishinda. Nisalimie pasta wetu, mwambie kanisa la huku liko mbali kidogo. Nisalimie mke wa mjomba, mama yako wewe, Silantoi, na mwambie akimpakata kwa lori asimshike kwapani, anashtuka. Vijana wa jirani wanaochunga na ng'ombe wetu, waambie Injinia anawatafutia kazi, hata kama si kweli, wafurahi. Na wewe msomaji, rudi shule ukamalize, usikwame darasa la saba kama mimi.

Sasa nisikilize hii ya mwisho, na Silantoi aisome polepole.

Tangu siku ile ya mabati nimeanza tena na ndizi. Naita, namshusha kidevu, namgusa. Siku nyingi hakutaka. Juzi kichwa kilishuka chenyewe, kidogo, nusu, kikasimama hapo katikati kama mtu anayeuliza kama atapigwa. Sijui kama kitarudi chote. Mimi ndiye niliyekiharibu na sijui kutengeneza vizuri kama kubomoa.

Lori likifika, wewe usikimbie kumnyanyua. Acha vijana wamteremshe na pipa lake. Chukua kigoda, ukae mbele yake, macho yenu yawe sawa. Umwite jina. Halafu ungoje. Hata chai ikipoa, ngoja. Mtu asimsaidie kushusha kidevu. Asipotaka siku hiyo, usimkasirikie, ungoje kesho, na kesho kutwa. Umelea mtoto huyu miaka yote hii, umembeba mpaka mgongo ukakatika, na hajawahi kukusalimia hata mara moja.

Kikishuka, Yeyo, mguse haraka. Asingoje.

Mimi mwanao, kichwa bado kiko chini,
Saruni